Kilo nne za redio ya safari

Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya chanjo katika zahanati na vituo vya afya, nayo kwa miaka kadhaa imenizungusha kutoka Tanga mjini hadi Lushoto, Kilindi na ng'ambo ya maji, Pemba. Mkoba wa kazi peke yake, wenye spana, mita, pampu ya kuvuta hewa na vipuri, hufika kilo 11, ilhali tiketi yangu ya ndege ndogo ya kwenda kisiwani huniruhusu kilo 15. Kwa hiyo redio yangu ya ridhaa, pamoja na betri, antena, waya na kila kikorokoro chake, haina budi kuishia katika kilo nne zilizobaki. Nimechukua karibu miaka miwili kufika hapo, na ninaandika kwa ajili ya wenzangu wenye leseni ambao huacha redio nyumbani kila wanaposafiri kwa kudhani kwamba haibebeki.

Kwa asiyetufahamu, wapiga redio wa ridhaa ni watu waliopewa leseni na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao, kwetu TCRA, pamoja na alama ya wito, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H, ili wazungumze na wenzao wa dunia nzima katika masafa waliyotengewa bila kutafuta faida. Hatutegemei mnara wala intaneti. Kinachotubeba ni tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi ardhini, na ndiyo maana waya uliotundikwa juu ya mwembe unaweza kusikika Ulaya.

Safari ya kwanza nilibeba redio ninayoitumia nyumbani, ya wati 100, na betri ya risasi ya ampea-saa 18 ambayo ilikuwa na uzito wa karibu kilo sita. Niliipakia kwenye basi la Lushoto, kisha nikaipakata juu ya bodaboda hadi nyumba ya wageni, na jioni nikafunga waya kati ya nguzo ya veranda na mti wa mparachichi. Nilisikiliza kwa saa nyingi, kwa sababu kusikiliza ndiyo sehemu kubwa ya shughuli hii, nikawasikia Waafrika Kusini, Warusi na Mhindi mmoja aliyekuwa na sauti nzito. Nilipobonyeza kipaza sauti na kutamka alama yangu ya wito, kioo cha redio kikazimika. Nikaiwasha, nikasubiri, nikasema tena. Ikazimika tena katikati ya herufi. Usiku ule nilikuwa na wati 100 ambazo sikuweza kuzitumia hata kwa sekunde tatu.

Niliporudi Tanga nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya safari, tena nikiwa fundi umeme ninayewahimiza wengine wapime. Niliunganisha mita kwenye waya wa chanya na kuangalia redio inakula kiasi gani ikiwa imekaa kimya inasikiliza tu. Ilikula ampea 1.2. Maana yake ni kwamba kwa saa zile zote za kusikiliza pale Lushoto betri, ambayo wala haikuwa mpya, ilikuwa inavuja polepole, na nilipotaka kurusha, redio ikidai zaidi ya ampea 20 kwa mkupuo, volti zilianguka na redio ikajilinda kwa kuzima. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kuhusu redio yoyote ya safari halikuwa inarusha wati ngapi. Lilikuwa inakula ampea ngapi inaposikiliza. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ukubwa wa betri, na betri ndiyo inayoamua kama mkoba utabebeka.

Wati zenyewe zinatisha kuliko zinavyostahili. Kushuka kutoka wati 100 hadi wati 10 ni kupoteza desibeli 10, na kwa kuwa hatua moja ya mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya ishara kwenye redio, huhesabiwa kuwa desibeli 6, anayenisikiliza huko Italia huona sindano yake imeshuka kwa hatua zisizofika mbili. Kama alikuwa ananipokea vizuri, bado atanipokea. Atakayenipoteza ni yule aliyekuwa ananisikia kwa shida tangu mwanzo, na huyo nilikubali kumwacha.

Niliziangalia redio tatu kwa makini. Yaesu FT-818, yenye wati 6 na uzito wa chini kidogo ya kilo moja, ni mtoto wa FT-817 iliyowafundisha wengi kusafiri na redio. Ni imara na ina masafa karibu yote, lakini watengenezaji wameacha kuiunda, kwa hiyo ni ya kununua mkononi mwa mtu. Icom IC-705 niliazimwa na rafiki wa Dar es Salaam kwa wiki nzima. Ina wati 10 ikipewa umeme wa nje, na 5 ikitumia betri yake ya mgongoni, ina GPS ndani, na waya mmoja wa USB unatosha kuiunganisha na kompyuta. Nilitamani kutoirudisha. Hata hivyo uzito wake ni kilo 1.1, na kifaa cha kulinganisha antena na redio hakimo ndani, kwa hiyo ukikihitaji unaongeza kisanduku kingine. Ya tatu ni Elecraft KX2, ambayo bila nyongeza ina gramu 370 tu, hurusha takriban wati 10 kuanzia bendi ya mita 80 hadi mita 10 (bendi ni fungu la masafa, nalo huitwa kwa urefu wa wimbi lake), na kifaa cha kulinganisha antena unaweza kukiweka ndani yake. Mita yangu ilionyesha kwamba ikisikiliza inakula ampea 0.15, yaani sehemu moja ya nane ya ile redio ya nyumbani. Baada ya kuiona namba hiyo sikutafuta tena. Niliinunua iliyotumika, na bei yake sitaitaja kwa sababu nyumbani nao husoma.

Haimaanishi kwamba ndiyo bora kwa kila mtu. Anayetaka pia bendi za VHF kwa ajili ya kuzungumza na walio karibu, au anayependa FT8, hataipenda. FT8 ni mfumo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia, pamoja na Steve Franke, nao husoma ishara dhaifu ambazo sikio halizisikii kabisa. Niliujaribu kwa juhudi. Jioni moja Kilindi, mahali pasipo na mtandao, niliona kwenye kioo mistari ya ishara imejaa kama mvua, lakini hakuna hata neno moja lililosomeka. Nilibadilisha waya, nikapunguza sauti, nikawasha upya kila kitu. Baada ya saa nzima ndipo nilipolinganisha saa ya kompyuta na saa ya simu, nikakuta imechelewa kwa sekunde nne. FT8 hufanya kazi kwa vipande vya sekunde 15 na huhitaji saa zetu zikubaliane kwa karibu sekunde moja. Niliirekebisha kwa mkono na mara moja majina ya nchi yakaanza kuteremka. Hata hivyo kompyuta na chaja yake vilikula karibu kilo mbili kati ya nne zangu, kwa hiyo nikajifunza Morse, ile lugha ya nukta na mkato, jambo nililolikwepa kwa miaka kumi. Morse inahitaji funguo ndogo ya kubonyezea na subira, na kwa kuwa huchukua nafasi nyembamba sana ya masafa, wati 10 zake hufika mahali ambapo sauti yangu haifiki.

Kuhusu betri nilichagua ya lithiamu ya fosfati ya chuma, volti 12.8 na ampea-saa 4.5, yenye uzito wa gramu 650 hivi. Ukizidisha hizo namba mbili unapata wati-saa 57.6, na hesabu hiyo ni muhimu kwa anayepanda ndege: betri ya akiba ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa katika mzigo wa mkononi, kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na kwenye mzigo wa chini haiwekwi kabisa. Nimeandika 57.6 Wh kwa kalamu isiyofutika juu ya betri yenyewe, na ncha zake za umeme nimezifunika kwa utepe. Siku moja mkaguzi aliitoa, akaigeuza, akaisoma, akairudisha bila kuniuliza kitu. Karibu nayo huwa nakala ya leseni iliyopigwa laminesheni, ambayo imenisaidia bandarini zaidi ya maelezo yoyote, kwa maana mtu mwenye waya, betri na kisanduku chenye vitufe huhitaji karatasi. Kwa matumizi yangu ya saa nne kila jioni, nikirusha kwa robo ya muda, betri hiyo hunipeleka jioni ya tatu.

Antena ilinigharimu kidogo kuliko vyote. Ni waya mwembamba wa mita 20 na sentimita chache, ambao ni nusu ya wimbi kwa bendi ya mita 40, unaolishwa kwenye ncha moja kupitia transfoma ndogo niliyoisokota mwenyewe juu ya pete ya feraiti, mizunguko 3 upande wa redio na 21 upande wa waya, yaani uwiano wa 49 kwa 1. Uzuri wake ni kwamba waya huohuo hukubali pia bendi za mita 20, 15 na 10. Kuupandisha mtini natumia mshipi wa kuvulia wenye chubwi la gramu 60: nalizungusha, nalirusha juu ya tawi, linashuka upande wa pili likiburuza mshipi, nami naufunga waya na kuuvuta. Mara ya kwanza chubwi lilitua kwenye bati la zahanati katikati ya kliniki ya watoto, na tangu hapo narusha jioni tu.

Zahanati zenyewe zilinifundisha jambo la mahali. Jokofu la sola ni baraka kwa chanjo na balaa kwa redio. Kontrola ya sola na saketi inayoendesha kompresa hutoa mchakaricho unaofunika bendi nzima, na mimi ndiye niliyelifunga jokofu hilo, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nilipima Kilindi: ukutani kwa zahanati sindano ilisimama S8, lakini nilipotembea hatua kama 200 hadi kwenye shamba la mahindi ilishuka hadi S2. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya wati 100 na wati 10, na niliipata kwa kutembea, jambo ambalo nisingeliweza na betri ya kilo sita. Shambani humohumo niligundua kwamba kiunganishi cha kutoka plagi kubwa kwenda plagi ndogo ya BNC nilikisahau Tanga. Nilimenya koaksia kwa meno, nikauchomeka waya wa katikati kwenye tundu la redio na kuubana kwa kijiti cha kiberiti, na wavu wa nje nikaukaza kwa mpira wa noti. Ulifanya kazi. Niliporudi nilibadilisha plagi zote zikawa BNC, na viunganishi vya kati nikavigawa.

Pemba ndiko mkoba ulikotimia. Nilikuwa Tumbe, nimemaliza kazi mapema, na ufukweni hapakuwa na mti wa kufaa karibu na maji. Nilitaka antena ya wima, kwa sababu wimbi linalotoka juu ya maji ya chumvi huondoka chini kabisa, karibu na upeo, na kwenda mbali. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu kando ya mtumbwi wake.

"Shikamoo mzee. Naomba uniazime upondo wako."

"Marahaba. Wataka kwenda wapi, na maji yamepwa?"

"Siendi popote. Nataka kuusimamisha tu."

Alinitazama, akaufungua. Tuliuchimbia mchangani, nikaufunga waya wa mita 3.4, ambao ni robo ya wimbi kwa bendi ya mita 15, na chini nikatandaza nyaya nne za urefu uleule juu ya mchanga mbichi. Mita ya SWR, inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi kutoka kwenye antena, ilisoma 1.3 bila kurekebishwa, na hiyo ni nzuri. Saa tisa alasiri nilimpata Mjapani kwa wati 10, akanipa 559, yaani alama za usomekaji, nguvu na usafi wa mlio wa ishara yangu, kisha Mjapani mwingine, na kuanzia saa kumi na moja Ulaya ikafunguka. Pemba ni kisiwa wanachokitafuta wanaofuata IOTA, mpango wa kuhesabu visiwa ulioanzishwa mwaka 1964, hivyo nilipotaja nilipo waliniitia kwa pamoja, Wataliano wakiwa mbele kama kawaida yao. Mzee alisogea akasikiliza vile vilio vya nukta na mkato vilivyopandana.

"Wote hao wasema na upondo wangu?"

"Wote, mzee wangu."

Maji yalianza kujaa. Yalifika kwenye waya wa kwanza wa chini, kisha wa pili, na SWR ikacheza kidogo na kutulia, huku ishara za Ulaya zikizidi kupanda. Nilikuwa nimeandika mawasiliano 41 daftarini, na betri ilisoma volti 13.1, nilipomwona mzee amekunja wavu na kuuweka mtumbwini.

"Mwambie Mtaliano asubiri," alisema, akishika upondo kwa mikono miwili. "Maji haya ndiyo yangu."

Nilibonyeza kwaheri, nikafungua waya, naye akaung'oa.