Boksi Ukutani

Leo ni siku ya tatu naishi na kipande cha boksi ukutani, mfano wa televisheni ninayotaka kununua. Nimelikata sentimita 122 kwa 68, ndiyo inchi 55 hiyo. Kumbe inchi za televisheni hupimwa mshazari, kona hadi kona. Mimi miaka yote nilidhani ni upana.

Ile yetu ya inchi 32 haikufa yote. Picha iliondoka, sauti ikabaki, na wiki nzima tuliisikiliza kama redio. Fundi akasema taa za nyuma ya kioo zimeungua.

Dukani nilichanganyikiwa. Vioo vimepangwa ukuta mzima, kila kimoja kinawaka kuliko jirani yake. Baadaye ndipo nikajua kwamba za dukani hupandishwa mwanga makusudi, zishindane na taa za humo ndani. Ukiiacha hivyo nyumbani usiku, utaangalia filamu huku unafuta machozi. Muuzaji akanimiminia hesabu: kioo cha 4K kina pikseli, yaani vidoti vya picha, 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akizihesabu. Kilichonishika kweli ni aina ya kioo inayoitwa OLED. Kila pikseli inawaka na kuzimika yenyewe, taa ya nyuma haipo, kwa hiyo giza la kwenye picha ni giza, si kijivujivu. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikasoma bei, nikaendelea na safari.

Lakini boksi limenifundisha kuliko muuzaji. Siku ya kwanza tulilicheka. Siku ya pili nikaona jua la saa kumi linapiga palepale. Kioo cha kung'aa kingekuwa kinanionyesha dirisha langu mwenyewe. Halafu kuna miguu. Televisheni nyingi za siku hizi miguu yake hukaa huku na huku, karibu na kingo, na meza yetu ina sentimita 90 tu. Hilo hakuna aliyeniambia.

Jana mke wangu aliweka kikombe chini, akalitazama boksi, akasema, "Baba Zuhura, hiki kitu ndicho kinatuangalia sisi."

Usiku huu nimechukua mkasi, nikalipunguza hadi 95 kwa 54, inchi 43. Nimekaa kwenye kochi, nimelitazama, nimeridhika. Zuhura tu ndiye amenuna: alikuwa amechora samaki pale, na sasa hana mkia.