Kupima Mfano wa Awali wa Programu ya Simu kwa Watumiaji

Timu nyingi zinapofikia hatua ya kupima mfano wa awali wa programu ya simu huanza kwa kuuliza waitwe watu wangapi, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni uamuzi gani unaosubiri matokeo. Mfano wa awali ni skrini zilizounganishwa kwa vitufe vichache vinavyofanya kazi. Hauna data halisi nyuma yake, haucheleweshwi na mtandao, na haujui lolote kuhusu mtu anayeushika. Kwa hiyo unaweza kutueleza kama mtumiaji anatambua pa kuanzia, kama anaelewa mpangilio wa skrini, na kama maandishi ya vitufe yana maana ileile kwake na kwetu. Hauwezi kutueleza kama ataitumia programu kila wiki, wala kama atakuwa tayari kuilipia. Mimi huandika juu kabisa ya mpango sentensi moja inayosema tutabadilisha nini tukiona hivi na tutaacha nini tukiona vile. Sentensi hiyo isipoandikika, naona ni heri jaribio lisubiri.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaeleza urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: kama watumiaji waliokusudiwa wanayafikia malengo yao, kwa juhudi kiasi gani, na wanaridhika kwa kiwango gani, yote hayo katika mazingira fulani ya matumizi. Ukiifuata maana hiyo, huwezi kusema kwamba skrini fulani ni rahisi mpaka uwe umetaja ni rahisi kwa nani na kwa kazi ipi, na hapo ndipo uandishi wa majukumu, yaani kazi anazopewa mshiriki azifanye kwenye mfano, unapochukua nafasi yake.

Naamini kwamba ubora wa jaribio zima huamuliwa na jinsi majukumu yalivyoandikwa, na ndiyo sehemu ninayoitengea muda mwingi kuliko nyingine zote. Tuchukue programu ya kuweka miadi ya kliniki. Jukumu linalosema «Fungua Miadi Yangu kisha ubonyeze Badili Miadi» halipimi chochote isipokuwa uwezo wa mshiriki wa kusoma, kwa sababu maneno ya jukumu ndiyo yaleyale yaliyo kwenye skrini, naye atayatafuta kwa macho mpaka ayaone. Afadhali kumwambia: «Mtoto wako anatarajiwa kuonwa na daktari Jumatano asubuhi, lakini umepata safari siku hiyo. Fanya unavyoona inafaa.» Hapo mshiriki atalazimika kuamua mwenyewe kama aanze kwenye kalenda, kwenye orodha ya miadi au kwenye namba ya simu ya kliniki, na kila uamuzi anaoufanya ni habari kwetu. Huenda akaifuta miadi na kuweka mpya badala ya kuibadilisha, njia ambayo wabunifu hawakuifikiria lakini ambayo watumiaji halisi wangeifuata bila wasiwasi. Jukumu zuri lina sababu, lina mwisho unaoonekana, na halimwambii mtu njia ya kupita. Mimi pia huamua mapema jukumu litahesabiwa kuwa limekamilika lini, kwa kuwa mshiriki akisema «nimemaliza» akiwa kwenye skrini ambayo bado inamtaka athibitishe, watazamaji wawili wataandika matokeo mawili tofauti.

Kuhusu idadi ya washiriki, namba inayotajwa daima ni watano. Chanzo chake ni hesabu ya watafiti wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993: ikiwa kila mshiriki hufichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, watano watafichua takriban asilimia 85. Nielsen aliieneza hoja hiyo mwaka 2000, akishauri kwamba aliye na uwezo wa kuwapima watu kumi na watano awagawe katika awamu tatu, na kasoro zirekebishwe kati ya awamu moja na nyingine. Mwaka 2003 mtafiti Laura Faulkner alichukua data ya washiriki 60 na kuchota vikundi vya watano kwa bahati nasibu. Vingine vilifichua karibu matatizo yote, vingine asilimia 55 tu, ilhali vikundi vya kumi havikushuka chini ya asilimia 80. Ninavyoona, watano wanatosha kwa mfano wa awali ambao utabadilika tena hivi karibuni, mradi wawe wa aina moja ya watumiaji. Programu ikiwa na wagonjwa upande mmoja na wahudumu wa mapokezi upande mwingine, hayo ni makundi mawili, na watano waliochanganywa hawawakilishi kundi lolote kati ya hayo. Wafanyakazi wenzako nao wasiitwe, kwani wanaijua lugha ya ndani ya ofisi na hawana mazoea ya kujiona wamepotea katika programu ya kwao. Katika kuwachuja wanaojitolea, uliza walichofanya, kwa mfano mara ya mwisho waliweka miadi lini na kwa njia ipi, badala ya kuuliza kama wanapenda teknolojia.

Mfano wa programu ya simu upimwe kwenye simu. Hili linaonekana dhahiri, lakini bado watu hupimwa mbele ya kompyuta wakitumia kipanya, na matokeo yake ni kwamba hakuna anayegundua kuwa kidole gumba hakifiki kwenye kitufe cha juu, au kwamba kiganja kinaifunika taarifa iliyo chini ya skrini. Miongozo ya Apple inataka eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa 44, ya Android inataka vipimo vya dp 48 kwa 48 (pointi na dp ni vizio vya kupimia vitu kwenye skrini), na kidole cha mshiriki ndicho kinachoonyesha kama vipimo hivyo vimezingatiwa. Zana nyingi za kutengeneza mifano huwasha alama kwenye sehemu zinazobonyezeka pale mtumiaji anapogusa mahali pasipofanya kazi. Alama hizo zizimwe kabla ya jaribio, kwa maana zinageuka kuwa majibu ya mtihani. Kuna pia mambo ambayo mfano hauwezi kuyaiga: mtu aliyezoea kukuza maandishi kwenye simu yake atakuta maandishi ya mfano yamebaki madogo, kibodi inaweza kuwa picha tu, na jina lililojazwa kwenye fomu ni la mtu asiyemjua. Mweleze mapema kwamba baadhi ya vitu havijakamilika, bila kumtajia ni vitu gani. Simu iwe imezuiwa kupokea taarifa, na iwe ya mfumo aliouzoea, kwa kuwa namna ya kurudi nyuma hutofautiana kati ya mfumo mmoja na mwingine na hutaki kupima ugeni wa simu.

Fanya jaribio la mazoezi na mtu yeyote aliye karibu, siku moja au mbili kabla. Litaonyesha jukumu lisiloeleweka na kiungo cha skrini kilichosahauliwa, na hilo linatosha.

Siku yenyewe, kazi ngumu ya msimamizi ni kunyamaza. Anza kwa kuomba ridhaa ya kurekodi, kisha mweleze mshiriki kwamba kinachopimwa ni programu, si yeye, na umwombe aseme kwa sauti anachowaza anapoendelea. Mbinu hiyo ya kuwaza kwa sauti iliingizwa katika upimaji wa mifumo na mtafiti Clayton Lewis akiwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1982, na bado inashinda mbinu nyingi zilizokuja baadaye. Mshiriki akikuuliza «Nibonyeze hapa?», mrudishie swali: «Ungefanya nini kama nisingekuwapo?» Akikwama, hesabu pumzi kadhaa kabla ya kusema lolote, mara nyingi ni katika kimya hicho ambapo husema alichokuwa akikitarajia, na hayo ndiyo maneno yanayofaa kuandikwa kwenye kitufe. Msaada ukilazimika kutolewa, jukumu liandikwe kuwa limekamilika kwa msaada, kwani kulihesabu pamoja na yaliyokamilika bila msaada ni kujidanganya. Wabunifu wanaotaka kutazama wakae chumba kingine. Sura ya mtu aliyechora skrini huonekana hata akijaribu kuificha.

Usipime muda wa kukamilisha jukumu huku ukimtaka mtu azungumze, kwa kuwa mazungumzo humchelewesha. Ukitaka alama ya jumla mwishoni, hojaji ya SUS (System Usability Scale, yaani kipimo cha urahisi wa matumizi wa mfumo) iliyotungwa na John Brooke mwaka 1986 ina kauli kumi tu na hutoa alama kati ya 0 na 100, ambapo 68 huchukuliwa kuwa wastani. Alama hizo si asilimia, na kwa watu watano zinayumba sana, kwa hiyo mimi huziweka pembeni kama kumbukumbu na siziwasilishi kama uthibitisho.

Baada ya kila mshiriki, timu ikae papo hapo na kuandika kilichoonekana kabla ya kujadili sababu zake. «Aligusa picha ya daktari mara tatu» ni kilichoonekana. «Hakuelewa kalenda» ni tafsiri, na inaweza kusubiri. Kisha kila tatizo lipewe uzito kwa kuangalia limewapata wangapi, limewazuia kiasi gani, na kama linaendelea kuwasumbua hata baada ya kulijua. Tatizo lililompata mtu mmoja lakini likamfanya apoteze miadi ya mtoto linastahili kutangulia mbele ya aikoni iliyowachanganya wanne kwa sekunde chache. Katika awamu inayofuata, majukumu yabaki na maneno yaleyale ili matokeo yalinganishike, lakini waitwe washiriki wapya, kwa sababu aliyekwisha kuupitia mfano anakumbuka njia aliyoipata kwa shida mara ya kwanza.