Mkono wa kushoto: mwezi wa saba wa mradi wangu wa piano ya jazi

Kwa wanaoukuta mradi huu leo: mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, mtu wa sol-fa, d r m f s. Mkono wangu wa kulia unajiweza. Wa kushoto umelelewa kivivu: unashika besi, unatulia, unangoja ubeti uishe. Mwezi wa kwanza niliamua kuupeleka shule, nipitie wapiga piano wa jazi wa Marekani kwa mfuatano wa miaka, kila mmoja nimwibie sehemu fupi tu, na niangalie mkono wake wa kushoto unafanya nini. Baba mdogo alipita sebuleni siku ya kwanza akauliza, "Jazi gani hii haina gitaa?" Kwake jazi ni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, basi. Sikubishana naye.

Nilianza na James P. Johnson, "Carolina Shout", rekodi ya 1921. Mtindo huo unaitwa straidi. Pigo la kwanza na la tatu unagonga besi chini kabisa. La pili na la nne mkono unaruka hadi katikati ya kinanda kugonga kodi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja (si ile ya TRA). Mruko wenyewe ulikuwepo tangu enzi za ragtaimu, muziki wa piano uliotangulia jazi, Scott Joplin aliutumia kwenye "Maple Leaf Rag" mwaka 1899, ila wapigaji wa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, waliulegeza, wakauongezea mbwembwe, wakaanza kubuni papo hapo. Na ukijua walikuwa wanapigia wapi, utaelewa kwa nini mkono ulitumikishwa kiasi kile. Kodi, sasa naisema ile ya nyumba, ilikuwa kubwa Harlem. Mpangaji aliandaa sherehe chumbani kwake, wageni wakalipa kiingilio mlangoni, na mara nyingi bendi nzima ilikuwa mtu mmoja kwenye piano. Ngoma hakuna, mpiga besi hakuna. Mkono wa kushoto ndio ngoma, ndio besi.

Duke Ellington alijifunza wimbo huu ujanani kwa piano ya mashine, ile inayosoma karatasi yenye matundu na vitufe vinazama vyenyewe. Aliipunguza kasi, akafuata kwa vidole palepale vinapozama. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa video, kasi nusu. Wiki sita! Halafu kuna suala la maumbile: Fats Waller, mwanafunzi wa Johnson, alitanua mkono vitufe kumi vyeupe na zaidi bila shida. Mimi naishia tisa, na kwenye cha tisa kidole gumba kinalia.

Art Tatum nilimpa siku nne, nikamwacha. Sikilizeni "Tiger Rag" ya 1933 mtanisamehe. Mtu alikuwa karibu haoni kabisa.

Mwezi wa nne nilifika kwa Bud Powell, nikadhani kinanda kimeharibika. Kushoto kimya. Anagusa sauti mbili, anaacha, anagusa tena baada ya muda, wakati kulia kunamwagika kama saksafoni. Sababu ni rahisi: kufikia miaka ya 1940 mpiga besi na mpiga ngoma walishachukua zile kazi mbili. Kwa sol-fa, pale Johnson angerukaruka, Powell anabonyeza r na d, kisha s na t, basi. Nilifurahi, nikijua nimepata likizo. Wapi! Kushoto kukinyamaza, kila kosa la kulia linasimama uchi. Powell alipigwa na polisi Philadelphia mwaka 1945, akaanza kuingia na kutoka hospitali za wagonjwa wa akili, na bado mwaka 1951 akarekodi "Un Poco Loco". Ile sikuigusa.

Rafiki yake Thelonious Monk naye alinikalisha. Wote wawili walikuwa wageni wa kawaida nyumbani kwa Mary Lou Williams, mpiga piano aliyewatangulia na aliyepita mitindo yote hii bila kubaki nyuma. Monk anabonyeza vitufe viwili vilivyopakana kwa pamoja, kama vile sauti anayoitaka iko katikati yao na kiwanda kiliisahau. Nilikuwa nafanyia zoezi hilo kanisani kabla ya mazoezi, mwalimu wa kwaya akaja akainama juu ya kinanda. "Hivi vitufe vimeshikana?" Nikamwambia havijashikana, mwalimu. Akaniangalia tu. Ajabu ni kwamba Monk akipiga peke yake, chini ya ule ukakasi unasikia straidi, taratibu, ya Johnson kabisa.

Bill Evans, mwezi wa tano na wa sita. Huyu anaiacha hata besi yenyewe. Kushoto kwake: f l d m, kisha f l t m. Kidole kimoja tu kimesogea, kutoka d hadi t, na muziki mzima umehama. Halafu m s t r, umefika nyumbani. Nilipopiga peke yangu ilining'inia hewani, hadi nilipojirekodi besi kwanza. Ndipo nikaelewa kwa nini zile rekodi zake za Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York, za tarehe 25 Juni 1961 zinasimama: mpiga besi ni Scott LaFaro. Siku 11 baadaye alikufa kwa ajali ya gari.

Wiki mbili nilipotea njia kwa sababu ya Herbie Hancock. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, mpiga besi Mchezaji, mpiga tarumbeta Mganga, mpiga ngoma Jabali, na wa tromboni, jamani, Pepo Mtoto. Dada yangu sasa ananiita hivyo.

McCoy Tyner, wa kundi la mpiga saksafoni John Coltrane, nimemshindwa kwa vifaa. Yeye anaurudisha mkono chini kabisa, anagonga d na s kwa uzito wa mchi, kisha anapanda. Kinanda changu kina vitufe 61, na chini anakogonga yeye changu hakifiki. Nikikishusha kwa kile kitufe cha oktava, napoteza juu.

Kwa hiyo nimerudi kwa Johnson. Mwanzoni mwa "Carolina Shout" kushoto hakuendi besi-kodi, besi-kodi kama nilivyokuwa nadanganya mwezi wa pili. Kunakwenda besi-besi-kodi, besi-besi-kodi, besi-kodi. Tatu, tatu, mbili. Naigonga pajani kwenye daladala. Jana ilitoka safi mara nne mfululizo. Nilipoongeza mkono wa kulia, ikavunjika pale pale kwenye ile mbili.