Rungwe kwanza, Kilimanjaro baadaye

Anayeishi Mbeya ana bahati kubwa kabla ya kwenda Kilimanjaro: milima ya mazoezi iko nyumbani. Rungwe unakaribia mita 3,000, kilele cha Mbeya kimepita 2,800, na kuanzia Juni hadi Oktoba njia huwa zimekauka. Ila tusidanganyane. Ukisimama juu ya Rungwe, kwa Kilimanjaro umepita kidogo tu kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, Mandara, iliyo kwenye mita 2,720 hivi. Kilele cha Uhuru kiko 5,895, na huko kila pumzi hukupa takriban nusu ya oksijeni ya pwani. Rungwe utakupa nguvu za mapaja. Kuizoea hewa nyepesi kunataka siku za kupanda polepole kulekule mlimani, kwa hiyo ukiwa na pesa ya ziada, nunua siku: saba au nane badala ya tano. Koti zuri unaweza kuazima.

Buti ndilo linalowaangusha wengi. Kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa, hapo Mbeya, utakuta buti la ngozi linalong'aa huku sponji ya soli imeshaoza, kwa sababu sponji ile huliwa na unyevu na miaka hata buti likikaa tu kabatini. Ligeuze, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba. Ikinepa na kurudi, sawa. Ikimeguka kama mkate mkavu, au ukiona nyufa nyembamba kama nywele, liache hata ukipewa bure, maana soli itabanduka yote mara moja, na itabanduka mlimani. Lijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene za sufu. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino kidole kimoja kipite. Kisipopita, kucha zitakuwa nyeusi siku ya kushuka. Kisha livae mwezi mzima kabla ya safari, na kucha uzikate fupi, zikiwa zimenyooka.

Na kushuka kwenyewe ndiko kwa kufanyia mazoezi. Kwa njia ya Machame, siku ya kilele unashuka hadi kambi ya Mweka, karibu mita 2,800 kwa siku hiyohiyo, baada ya usiku usio na usingizi. Kila wiki ya pili panda Rungwe au kilele cha Mbeya na begi la kilo 4, ongeza taratibu hadi 8, ushuke kwa hatua fupi, magoti yamelegea. Kukimbia mteremkoni kunaweza kuumiza goti.

Usiku wa kilele baridi hushuka chini ya sifuri mbali sana. Chupa ya maji ifunge vizuri, uiweke kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo hautaziba. Betri za tochi lala nazo.

Kichwa kikiuma, mwambie kiongozi. Usimeze vidonge kimyakimya ukaendelea kupanda. Kipimo cha kujua kama hewa nyepesi imekudhuru vibaya ni rahisi: tembea kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba, au anayehema akiwa ameketi tu, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.