Aliyekugonga hana bima? Mtafute mwenye gari

Ukigongwa barabarani, iwe Mlima Nyoka au Kitonga, weka pembetatu kwanza, kisha piga picha magari yakiwa bado yalipo: namba, alama za breki, leseni, stika. Hapo hapo ingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima wa kuhakiki bima, kwa simu. Stika iliyobandikwa kiooni haitoshi, maana huenda bima ilishakwisha au stika yenyewe ni ya gari jingine.

Bima ikikosekana, wengi humng'ang'ania dereva. Dereva wa Hiace au Fuso mara nyingi hana cha kukulipa. Mtafute mmiliki, jina lake liko kwenye kadi ya gari na kwenye rejista ya TRA. Atakujibu, "Huyo alikuwa deiwaka tu (kibarua wa siku), simjui." Usikate tamaa. Ikithibitika dereva alikuwa kwenye kazi ya mwenye gari, kwa ruhusa yake, wote wawili wanadaiwa fidia pamoja. Kwa hiyo chukua jina la konda, ruti, namba za simu za abiria waliolipa nauli, na ujue mzigo ni wa nani. Kama gari liliuzwa bila kubadilisha jina, dai mkataba wa mauziano na umuunganishe mnunuzi pia.

Kituoni ndiko watu wanakoumia zaidi. Unapewa laki mbili "yaishe", gari halijakaguliwa, nawe unasaini kwamba huna madai zaidi. Karatasi hiyo itakufuata mahakamani. Ukipokea chochote, andika ni malipo ya awali, na ya kitu gani.

Gharama za matengenezo, kuvuta gari na matibabu lazima zithibitishwe moja moja: risiti za EFD, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), vyeti vya hospitali. Makadirio ya fundi kwenye karatasi ya daftari hayakufikishi mbali. Maumivu na usumbufu hakimu huyapima mwenyewe.

Faini ya kesi ya trafiki inaingia serikalini. Mwombe mwendesha mashtaka aombe amri ya fidia, na utunze nakala ya hukumu, kwa sababu dereva akitiwa hatiani madai yako yanapata nguvu. Lakini usiisubiri hadi ichelewe: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3.

Kama wewe una bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako, dai kwenye kampuni yako nayo imfuate aliyekugonga. Usimsamehe dereva kwa maandishi kabla hujaiarifu, utakuwa umeifungia njia. Aliyekugonga akiwa na bima ndogo, ile ya kulipa wengine tu, isiyofikia hasara yako, kinachobaki anadaiwa mmiliki. Na lori la Zambia linaloshuka kutoka Tunduma, omba uone Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, na uipige picha kabla halijaondoka.