Kobe, Sungura na Mvua ya Bati

Ukumbi ule wa mtaa, Makorora mjini Tanga, haukuwa na dari. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na kenchi za mbao na bati tupu, na kuta zilipakwa chokaa nyeupe mpaka juu. Aliyewahi kuonyesha mchezo wakati wa masika anajua ugumu uko wapi hapo. Lakini Jumamosi ile kikundi chetu cha maigizo hakikupata ukumbi mwingine wa bei yetu, na matangazo yalishabandikwa: mchezo wa watoto na wazazi wao, saa 10 alasiri, mkubwa shilingi 2,000, mtoto 500, wa kubebwa mgongoni bure.

Mchezo wenyewe ulikuwa ile hadithi ya kisima. Wanyama wanachimba kisima wakati wa kiangazi, Sungura anakataa kuchimba, kisha usiku anakuja kuiba maji. Walinzi wote anawalaghai, mpaka zamu inamfikia Kobe, ambaye anajipaka ulimbo mgongoni na kujilaza majini, hata ungemdhania jiwe. Watoto wengi wameisikia kwa bibi zao, na ndiyo sababu inafaa kwa jukwaa. Anayejua kitakachotokea hahitaji kulisikia kila neno. Anangoja tu kuona kitatokeaje.

Asubuhi yote iliishia kwenye jukwaa. Ply sita za milimita 18, kila moja futi 4 kwa 8, hutoa jukwaa la futi 12 kwa 16, nalo linawatosha wanyama watano na kisima kimoja. Chini tuliweka makreti matupu ya soda, mawili mawili, la juu likiwa limefudikizwa ili kitako bapa kiangalie juu. Kreti linatakiwa chini ya kila maungio na tena katikati ya ply, kila baada ya futi 2. Ukiliruka moja, ply inabonyea, na kila mchezaji akitua unasikika mshindo ambao hakuna aliyeupanga. Juu tulitandika zulia kuukuu, likaviringishwa kingo zake na kupigiwa misumari, kwa sababu ncha ya zulia iliyonyanyuka imeangusha waigizaji wengi kuliko woga. Kimo cha nusu mita kinatosha. Watoto hukaa mikekani mbele kabisa, na jukwaa likizidi hapo hawaioni miguu ya mchezaji wala kisima, ambacho kwetu kilikuwa tairi la lori lililovishwa gunia.

Nyuma tulitundika kaniki. Inameza mwanga, kwa hiyo ukuta hauonekani. Ubaya wake ni kwamba inammeza pia mtu aliyevaa nguo nyeusi. Fisi alifungwa kanga nyekundu kiunoni kwa sababu hiyo tu, ingawa watoto walidhani ni mbwembwe zake.

Mimi nilikuwa kwenye taa. Taa zenyewe zilikuwa mbili, zile za halojeni za wati 500 ambazo mafundi hufungia uani, zikiwa juu ya stendi za mbao, moja kila upande, zikimpiga mchezaji kwa mshazari kutoka juu kidogo. Ukiiweka mbele yake sawasawa, uso unakuwa bapa na kivuli kinapanda ukutani. Nguo yoyote ikae mbali nayo angalau mita moja. Na waya wa kuunganishia uzongolewe wote, hata kama unahitaji robo yake tu, maana uliozongwa ukibeba umeme mwingi hupata joto mpaka ganda linayeyuka.

Ngoma zilitutaabisha kabla ya mchezo kuanza. Unyevu ulikwisha kulegeza ngozi. Vumi, ile ngoma kubwa ya mlio mzito, lilikuwa linasema "bwe" badala ya kusema "du". Siku ya jua ungewasha makuti uani. Siku ile wapigaji walikaa na jiko la mkaa barazani, wakaishika kila ngoma juu ya moto kwa umbali wa mkono mmoja, wakiizungusha na kuigonga kwa kidole mpaka mlio upande. Ukiisogeza karibu zaidi ngozi inapasuka. Na huwezi kuipasha saa moja kabla, kwani itakuwa imelegea tena. Lile jiko liliendelea kuwaka barazani mchezo mzima, na kijana mmoja kazi yake ilikuwa kupeleka na kurudisha ngoma.

Mvua ilishuka Fisi akiwa kwenye zamu ya kwanza. Haikuanza kwa manyunyu. Katika mvua ya bati, kinachopotea kwanza ni s, sh, f na t. Irabu zinabaki zikielea. Wachezaji walifanya kile ambacho kila mchezaji hufanya, yaani kupiga kelele, na kelele haisaidii: inanenepesha irabu na kuziacha konsonanti pale pale zilipokuwa. Tulikuwa na vipaza sauti viwili vilivyoning'inizwa juu ya jukwaa. Vikawa vinaokota mvua kuliko vinavyookota watu, na alipojaribu mtu wa spika kuvipandisha, vikapiga mluzi.

Mtambaji wetu, mzee ambaye watoto wa mtaa wote walimwita Babu, alikuwa na kipimo chake. Alisimama ukingoni akaita, "Paukwa!" Mikeka ikajibu, "Pakawa!" Mabenchi ya nyuma hayakujibu kitu. Akaita tena. Nyuma kule akina mama walikuwa wameanza kuzungumza wao kwa wao, na mtu mmoja alikuwa anamtafutia mwanawe viatu.

Mwongozaji, mwanamke aliyesomea Chuo cha Sanaa Bagamoyo miaka michache baada ya kuanzishwa kwake mwaka 1981, alilipiga vumi mara tatu. Katika mazoezi hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kusimama ulipo. Vumi ndilo pekee lililopenya, kwa sababu mlio mzito wa chini haugombani na mvua.

"Shukeni wote, mje kati," aliwaambia.

"Na jukwaa, Mwalimu?" Babu akauliza.

"Liache, Babu. Halina miguu."

Hakubuni jambo jipya. Ngoma huchezwa duarani tangu zamani, na maonyesho ya kimaendeleo yaliyofanywa vijijini miaka ya 1980, kama yale ya Malya wilayani Kwimba, yaliegemea ngoma hizo hizo. Faida yake hupimika: umbali kati ya msemaji na msikilizaji ukipungua nusu, sauti humfikia ikiwa na hadi desibeli 6 zaidi, bila mtu kukaza koo. Aliyekuwa benchi la mwisho, hatua kumi na tano kutoka jukwaani, sasa alikuwa hatua tano.

Kuwahamisha watu katikati ya mchezo kuna taratibu zake. Wachezaji walishuka wakiimba wimbo wa kuchimba, ili watoto wabaki ndani ya mchezo na wasitawanyike. Vijana wakabeba mabenchi kuyazungushia, kila mzazi akaambiwa anyanyue mkeka wa wanawe mwenyewe, na tairi likabingirishwa mpaka kati. Njia ziliachwa mbili, zikielekeana. Ukiacha moja, anayetoka na anayeingia watakumbana, na Kobe mwenye gamba mgongoni hawezi kumpisha mtu.

Taa ndizo zilizonipa shughuli. Zilikuwa zinatazama jukwaa tupu, na kuzigeuzia duarani kungewachoma macho wa upande wa pili. Nilizielekeza juu kwenye ukuta wa chokaa, mwanga ukarudi chini laini ukiwafikia wote, wachezaji na watazamaji. Nuru inapungua sana ukifanya hivyo, lakini katika duara dogo inatosha, na watoto kuonana nyuso wakicheka ni sehemu ya mchezo wenyewe. Taa ya kushoto haikudumu. Tone moja lilipita kwenye tundu la msumari likaangukia juu yake, na kioo chenye moto ule kikiguswa na maji baridi hupasuka papo hapo. Nilichomoa waya wake, tukaendelea na moja.

Duarani daima kuna mtu unayempa mgongo. Mwalimu alikuwa ameshawafundisha dawa yake: sentensi isizidi maneno sita, usiseme huku unatembea, na mwenzako aligeuze neno lako kuwa swali akiwa ameelekea upande mwingine. "Sitaki kuchimba!" anasema Sungura akielekea mlangoni. "Hutaki kuchimba?" anauliza Fisi akielekea madirishani. Kila jambo linasemwa mara mbili, pande mbili, wala hadhira haioni kwamba inarudiwa. Kipaza sauti kilibaki kimoja, cha mkononi, kwa Babu, akikishika vidole vinne kutoka mdomoni.

Gamba la Kobe lilikuwa ungo mkubwa uliopakwa rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, ukabebwa kwa mikanda ya kanga inayopishana kifuani. Kwa ndani ulitiwa vitambaa ili usigonge mifupa. Ulimbo ulikuwa ule utepe wa kunasana unaofungia viatu vya watoto: upande wenye vikulabu umeshonwa kwenye ungo, upande wa manyoya kwenye glovu za Sungura. Siku za kawaida watoto huupenda kwa mlio wake unapobanduka. Siku hiyo mlio haukusikika, na baya zaidi, Kobe alikuwa amejilaza juu ya gunia la kisima, nyuzi za gunia zikajaa kwenye vikulabu. Sungura alipompiga kofi la kwanza, glovu iliteleza.

Hapo ndipo utamjua aliyefanya mazoezi. Mkono aliuacha pale pale, akautazama, kisha akaanza kuuvuta kwa bega na kiuno huku kiganja kikiwa hakisogei hata kidogo. Mtazamaji huamini uzito wa mwili. Utepe unasaidia tu. Alipopiga mkono wa pili, mtoto mmoja alisimama akampigia kelele, "Usimpige teke! Utanasa na mguu!" Akampiga teke. Ukumbi mzima ulicheka kwa nguvu iliyoishinda mvua. Baada ya onyesho, aliyemcheza Kobe, ambaye ni fundi cherehani, alikaa na mswaki mkavu akichambua uzi mmoja mmoja kutoka kwenye utepe.

Mchezo uliisha, mvua haikuisha. Watu mia na ushee, hakuna awezaye kutoka, na muuza ubuyu keshamaliza ndoo. Kikundi kinachoonyesha masika lazima kiwe na akiba ya nusu saa. Yetu ilikuwa vitendawili: wazazi upande huu, watoto upande ule, Babu akitega. "Nyumba yangu haina mlango!" Watoto walijibu "Yai!" kabla hajamaliza, na baba mmoja akadai wazazi wapewe mji kwa sababu hawakupewa nafasi. Ubishi ule ulitupeleka mpaka magharibi.

Jumatatu tulizirudisha ply kwa mwenye mbao. Akazigeuza moja moja, akapapasa kingo ya iliyokuwa chini ya dirisha, ambayo ilikuwa imeloa na kuanza kufumuka tabaka, akaikatia nusu ya amana yetu.