Bomba la udongo lililokuwa likipasuka tanurini

Sanamu yenyewe ni bomba nene linalochomoka kwenye mdomo wa mtungi: maji ya ziwa yanayovutwa Ghuba ya Nungwe kwenda mgodi wa dhahabu wa Geita. Shida ilikuwa pale bomba linapoungana na mtungi. Kila nikichoma, paa! Kipande kinaruka.

Chanzo ni mvuke. Udongo wa bondeni ninaouchimba hapa Mwanza ni laini mno, hung'ang'ania maji. Ukifika nyuzi 100 ukiwa na unyevu ndani, mvuke unakosa pa kutokea. Nikatwanga vigae vya vyungu, nikachekecha, nikachanganya kama robo hivi. Bomba nikaliacha wazi ndani, na tundu la kupumulia. Kukausha ni kivulini, chini ya nailoni.

Tanurini naanza na moto mdogo, nashika kioo baridi kwenye tundu la juu. Kikipata ukungu, bado. Kikibaki kikavu, naongeza kuni. Karibu na nyuzi 573, chombo kinapopata wekundu hafifu, chembe za mchanga ndani yake hutanuka ghafla; hapo siharakishi, wala wakati wa kupoa.

Imetoka nzima. Moshi umeupaka mdomo weusi. Fundi mwenzangu anataka niusugue, lakini mimi naona unafaa kuliko rangi yoyote ya dukani.